Kodi ya Kulipia Kodi: Nyumba za Jamii Uchumi Unapoyumba

Kipato cha kaya kikikatika, karibu kila kitu kinakubali kupunguzwa. Chakula hupikwa kidogo, nauli huepukwa kwa kutembea, nguo husubiri mwaka ujao. Paa halipunguziki. Ni nadra kumpata mwenye nyumba atakayepokea theluthi mbili ya pango kwa sababu mpangaji naye amepunguziwa saa za kazi kwa theluthi, wala mtu hawezi kuhamia nusu ya chumba kwa miezi mitatu kisha akarudi. Ndiyo maana msukosuko wa uchumi, hata ukianzia benki au kwenye soko la hisa ambalo watu wengi hawajawahi kulikaribia, humalizikia mlangoni: notisi, dalali, vyombo barabarani.

Serikali nyingi zinajua hili. Lakini ukitazama zilivyofanya kwa miaka mia moja iliyopita, utaona tabia inayojirudia kwa namna ya kushangaza. Hujenga nyumba za jamii wakati fedha ziko na kila kitu ni ghali. Mambo yakiharibika, husimamisha ujenzi au huuza zilizopo. Yaani zinaondoka uwanjani wakati uleule ambapo ardhi imeshuka bei, mafundi wamekaa bila kazi na foleni ya wanaohitaji makao inarefuka. Nitaonyesha kwamba huku si kubana matumizi. Ni kuahirisha bili, na bili hiyo hurudi ikiwa imenenepa.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno, maana "nyumba za jamii" limekuwa jina la kubandikwa popote. Sizungumzii nyumba zinazojengwa kwa msaada wa serikali kisha zikauzwa kwa bei ya punguzo. Hizo ni nyumba nafuu za kununua, na vikwazo vya kuziuza vikiisha, huingia sokoni kama nyumba nyingine yoyote. Nazungumzia nyumba za kupanga zinazomilikiwa na manispaa, shirika la umma, ushirika au taasisi isiyotafuta faida. Hugawiwa kwa kufuata uhitaji, na pango lake hukokotolewa kutokana na gharama zake au kipato cha anayeishi humo, si kutokana na kile ambacho mpangaji mwingine yuko tayari kulipa. Kigezo hiki cha mwisho ndicho chenye kazi wakati wa dhiki.

Aliyesoma uchumi darasani atasema pango litashuka lenyewe watu wakikosa fedha. Wakati mwingine hushuka. Lakini fuatilia mnyororo wenyewe. Benki zikibana mikopo, vijana waliokuwa karibu kununua nyumba hubaki kwenye soko la kupanga. Wenye nyumba walioshindwa kulipa mikopo hunyang'anywa, nao huingia kwenye soko lilelile, tena wakiwa na doa la deni kwenye majina yao. Wakandarasi husimamisha miradi, kwa hiyo nyumba mpya hazitoki. Bei ya kununua nyumba inaweza kuporomoka huku pango likikaa palepale, au likianza kupanda kabla ajira hazijarudi.

Pango linalofuata gharama halina sababu ya kuruka hivyo. Jengo lililojengwa miaka arobaini iliyopita, ambalo mkopo wake umekwisha, linahitaji fedha za mabomba, rangi, paa na mshahara wa msimamizi. Basi. Riba ikipanda leo, haligusi deni lililolipwa jana. Matajiri wakikimbilia kununua majengo kama kinga dhidi ya mfumuko wa bei, hilo halimo kwenye mnada. Anayeishi humo anaweza kupoteza kazi na bado akabaki na anwani, na mtu mwenye anwani hutafuta kazi kwa urahisi kuliko anayelala kwa ndugu wiki hii na kwa rafiki wiki ijayo.

Jiji linalotajwa kila mara mada hii inapozungumzwa ni Vienna, mji mkuu wa Austria, na kwa kawaida hutajwa vibaya, kama jiji tajiri lililojaliwa utulivu. Vienna ya mwanzoni mwa miaka ya 1920 haikuwa na utajiri wala utulivu. Ilikuwa makao makuu ya dola iliyovunjika, jiji kubwa mno kwa nchi ndogo iliyobaki. Sarafu iliporomoka kwa mfumuko mkali wa 1921 na 1922. Watu walilala kwa zamu kwenye kitanda kimoja, wengine walijijengea vibanda pembezoni mwa jiji.

Mambo mawili yalifungua njia, na yote mawili yalitokana na shida yenyewe. La kwanza ni kwamba pango lilikuwa limegandishwa tangu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwaka 1917, na mfumuko wa bei ukalifanya karibu lisiwe na thamani. Kumiliki nyumba za kupangisha kukawa biashara isiyolipa, wawekezaji wakajitoa, ardhi ikashuka bei na manispaa ikawa mnunuzi mkubwa asiye na mshindani. La pili ni kwamba mwaka 1922 Vienna ilipata hadhi ya jimbo, ikawa na mamlaka ya kutunga kodi zake. Msimamizi wa fedha wa jiji, Hugo Breitner, akaanzisha mwaka 1923 kodi maalumu ya ujenzi wa nyumba iliyopanda kwa ngazi kulingana na ukubwa na anasa ya makao. Nyumba za kifahari kabisa, ambazo hazikufika asilimia 1 ya nyumba zote, zilitoa zaidi ya asilimia 40 ya mapato ya kodi hiyo.

Hapa ndipo penye fundisho ambalo wachambuzi wengi hulipita mbio. Jiji lilijenga kwa fedha za kodi, si kwa mkopo wa kurejeshwa na wapangaji. Kwa hiyo pango halikubeba riba hata kidogo. Lilibeba matunzo na uendeshaji tu, na kwa familia ya mfanyakazi likawa sehemu ndogo sana ya mshahara. Kati ya 1923 na 1934 zilijengwa nyumba zaidi ya 60,000, pamoja na sehemu za kufulia, shule za chekechea, mabafu ya umma na maktaba. Karl-Marx-Hof, jengo lenye flati 1,382 na urefu unaozidi kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 1930, wakati mdororo mkuu wa dunia ulikuwa umeshabisha hodi. Mafundi waliolijenga walikuwa watu ambao vinginevyo wangekuwa kwenye foleni ya posho ya wasio na kazi.

Mwaka 1934 mizinga ya serikali iliyapiga majengo hayo katika vita vifupi vya wenyewe kwa wenyewe, na mradi ukafa. Majengo hayakufa. Leo manispaa ya Vienna ina nyumba zipatazo 220,000, na ukijumlisha na zile za mashirika ambayo faida yake imewekewa ukomo, takriban nusu ya wakazi wa jiji wanaishi humo. Jiji halikuziuza. Wakati majiji mengine ya Ulaya yalikuwa yakisaini mikataba ya mauzo kwa kalamu za dhahabu, Vienna ilikaa kimya na kukusanya pango lake dogo.

Sasa tazama upande wa pili. Uingereza ilitoka kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na ahadi kubwa zaidi. Sheria ya nyumba ya mwaka 1919, inayojulikana kwa jina la waziri Christopher Addison, ilizipa halmashauri jukumu la kujenga na ikaifanya hazina ibebe karibu hasara yote. Lengo lilikuwa nyumba 500,000 katika miaka mitatu. Kila halmashauri ikaingia sokoni kwa wakati mmoja, matofali yakawa haba, waashi wakawa haba, na gharama ya nyumba moja ikapita pauni 900 katika kilele cha 1920. Kisha mdororo ukaja. Mwaka 1921 serikali ikasimamisha mpango, na hesabu ikaishia takriban nyumba 213,000. Kufikia mwisho wa 1922, gharama ya kujenga nyumba ya aina ileile ilikuwa imeshuka chini ya nusu.

Soma tena mpangilio huo wa miaka. Serikali ilinunua kwa bei ya juu kabisa, na ilipofika bei ya kutupa ikasema haina fedha. Mfanyabiashara wa duka akifanya hivyo, mkewe atamnyang'anya funguo.

Ingekuwa hiyo ni aibu ya karne iliyopita, ningeiacha. Lakini Ireland ilirudia baada ya 2008 kwa njia inayoumiza zaidi, maana nyumba zilikuwepo. Mabenki yalipoanguka, nchi ilibaki na mitaa ambayo haijamalizika: uchunguzi wa mwaka 2010 ulihesabu zaidi ya 2,800, mingine ina barabara na taa lakini haina watu. Serikali, kupitia wakala ulioundwa kuchukua mikopo mibovu ya mabenki, ilikuja kushika madeni ya sehemu kubwa ya ardhi na majengo ya nchi. Ungetarajia halmashauri zingepewa fursa ya kujaza foleni zao. Badala yake bajeti zao za ujenzi zilikatwa. Halmashauri zilizojenga karibu nyumba 5,000 mwaka 2008 zilikamilisha nyumba 75 mwaka 2015. Sabini na tano, nchi nzima.

Utaniuliza: waliokuwa kwenye foleni walikwenda wapi? Walipewa ruzuku ya pango. Na hapa lugha yetu inasema ukweli ambao lugha nyingi zimeuficha. Kiswahili kinatumia neno moja, kodi, kwa anachodai serikali na kwa anachodai mwenye nyumba. Serikali isiyo na nyumba zake hukusanya kodi ili ilipe kodi. Inachukua kwa mfanyakazi, inampa mwenye nyumba binafsi kwa niaba ya mfanyakazi mwingine, na mwisho wa mwaka haina hata tofali moja la kuonyesha.

Siipingi ruzuku ya pango kama dawa ya usiku wa leo. Familia iliyopokea notisi haiwezi kusubiri msingi uchimbwe. Ninachopinga ni kuifanya sera. Ruzuku hufuata soko: pango likipanda, ama hazina inaongeza, ama mpangaji anafidia kwa njaa. Na hupanda kwa kasi wakati mbaya kabisa, kwa sababu wanaostahili huongezeka mwezi uleule ambao mapato ya serikali yanashuka. Nyumba ya jamii inafanya kinyume. Gharama yake kubwa huja mara moja, mwanzoni, kisha hupungua thamani mwaka baada ya mwaka kadiri mishahara na bei vinavyopanda. Ndiyo maana mtu akiniambia ruzuku ni nafuu kuliko kujenga, humuuliza: kwa miaka mingapi? Kwa bajeti ya mwaka mmoja amesema kweli. Kwa umri wa mtoto anayezaliwa leo katika nyumba hiyo, amekosea hesabu.

Kuuza ni sura nyingine ya kosa hilohilo. Uingereza, kwa sheria ya 1980, iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba zao kwa punguzo kubwa, na katika England pekee karibu nyumba milioni 2 zimetoka kwa njia hiyo. Siwalaumu walionunua, ningekuwa mimi ningenunua asubuhi na mapema. Kasoro ilikuwa kwamba halmashauri zilizuiwa kutumia sehemu kubwa ya fedha za mauzo kujenga nyingine. Nyumba nyingi kati ya hizo leo zinapangishwa na watu binafsi, na baadhi ya wapangaji wake hulipiwa ruzuku na serikali ileile iliyoziuza.

Berlin iliuza ikiwa imebanwa. Benki ya jiji ilikuwa karibu kufilisika mwaka 2001 na bajeti ilikuwa taabani, hivyo mwaka 2004 jiji likauza shirika lake la nyumba, GSW, lenye flati zipatazo 65,000, kwa euro milioni 405. Mnunuzi alibeba pia madeni ya euro bilioni 1.5 na ushee, na ni haki kuyahesabu. Hata hivyo, yote kwa jumla ni takriban euro 30,000 kwa flati. Mwaka 2021, kwa hasira ya wapangaji na kura ya maoni mlangoni, jiji lilikubali kununua flati zipatazo 14,750 kutoka kwa makampuni makubwa ya nyumba kwa karibu euro bilioni 2.46. Hizo si flati zilezile, na bei za soko zima zilikuwa zimepanda. Lakini gawanya mwenyewe: karibu euro 167,000 kila moja.

Madrid nayo iliuza katikati ya kimbunga. Hispania kwa miongo mingi ilijenga nyumba nyingi za msaada, ila ilizijenga za kuuzwa, kwa hiyo mwaka 2008 ulipofika nyumba za jamii za kupanga zilikuwa asilimia chache tu ya nyumba zote nchini. Familia zilizokuwa zikitolewa na mabenki hazikuwa na ngazi ya chini ya kushukia. Katika hali hiyo, mwaka 2013, shirika la nyumba la jiji likauza flati 1,860 kwa mfuko wa uwekezaji wa Blackstone kwa euro milioni 128.5. Wapangaji wakaamka siku moja wakiwa wapangaji wa mtu mwingine. Nchi ilikuwa imejenga kwa bidii kabisa, na bado ikafika kwenye gharika bila mtumbwi, kwa sababu kila mtumbwi ulikuwa umeuzwa mara tu ulipochongwa.

Kuna mifano ya kutenda kwa wakati. Australia, katika hatua zake za 2009 za kuzuia mdororo, ilitenga zaidi ya dola zake bilioni 5 kwa nyumba za jamii, zikatoka nyumba mpya karibu 20,000. Kinachonivutia zaidi katika mpango huo ni sehemu isiyopigwa picha: ukarabati wa makumi ya maelfu ya nyumba zilizokuwepo, zikiwemo zilizokuwa karibu kufungwa kwa ubovu. Ukarabati hauhitaji kutafuta kiwanja, hausubiri kibali kirefu, na fundi anaanza Jumatatu. Kwa anayetaka fedha zifike mifukoni kabla mdororo haujaisha wenyewe, hiyo ndiyo njia fupi.

Brazil ilizindua Machi 2009 mpango wa nyumba milioni 1, Minha Casa Minha Vida, kwa lengo lililosemwa wazi la kuokoa ajira za ujenzi. Ajira zilipatikana. Lakini ni nyumba 400,000 tu kati ya hizo zilizotengewa familia za kipato cha chini kabisa, ambazo ndizo zilizobeba sehemu kubwa mno ya uhaba wa makao. Tena wajenzi binafsi waliachiwa kuchagua viwanja, na viwanja rahisi viko mbali na kazi, hospitali na usafiri. Familia ilipata ukuta na paa, ikapoteza saa nne barabarani kila siku. Mpango ulioandikwa kwa ajili ya wakandarasi utawanufaisha wakandarasi kwanza. Sioni kwa nini hili humshangaza mtu.

Sasa niwape haki wanaopinga, maana wana hoja mbili nzito.

Ya kwanza ni kwamba misukosuko haifanani. Mdororo wa kukosa wanunuzi, ambapo viwanda vimelala na mafundi wanazurura, ni tofauti na msukosuko wa mfumuko wa bei, ambapo saruji na nondo zinapanda kila wiki na riba inapaa. Katika hali ya pili, serikali ikikimbilia kujenga kwa wingi itaongeza moto, kama halmashauri za Uingereza zilivyofanya mwaka 1920. Nchi inayokopa kwa sarafu isiyo yake ina kamba fupi zaidi. Hili nalikubali, na linanirudisha kwenye lile jengo la miaka arobaini nililolitaja: nyumba zinazokinga wakati wa mfumuko wa bei ni zile zilizojengwa kabla yake. Katika msukosuko wa aina hiyo, kazi ya serikali ni kutouza, kukarabati na kununua ardhi ikishuka, si lazima kumwaga zege.

Ya pili ni ya kisiasa, na ndiyo inayoua mipango mingi kimyakimya. Hong Kong ilitangaza mwaka 1997 lengo la flati 85,000 kwa mwaka. Msukosuko wa fedha wa Asia ukaja, na kati ya mwaka huo na 2003 bei za nyumba zikaanguka kwa zaidi ya asilimia 60. Waliokuwa wamenunua kwa mkopo wakajikuta wanadaiwa kuliko thamani ya flati zao. Wakapiga kelele, na wana idadi. Serikali ikaacha lengo lake, na Novemba 2002 ikatangaza kusitisha mpango wa kuuza flati za umma kwa bei nafuu, kwa nia ya kuinua bei. Uamuzi wa kuurudisha ulikuja mwaka 2011, na kufikia hapo makao ya Hong Kong yalikuwa miongoni mwa yaliyo ghali kupindukia duniani.

Mpango uliositishwa ulikuwa wa kununua, si wa kupanga, lakini mantiki ni ileile kila mahali. Kaya nyingi zikiweka akiba yao yote ndani ya kuta, nyumba nafuu kwa mwingine inaonekana kama wizi kwao. Mwanasiasa hulazimika kuchagua kati ya mwenye nyumba anayepiga kura na aliye kwenye foleni ambaye pengine hana hata anwani ya kujiandikishia. Kwa maoni yangu nyumba za kupanga zina nafasi nzuri zaidi ya kupita kwenye tundu hili kuliko za kuuza, kwa kuwa hazishindani moja kwa moja na flati ya jirani inayotafuta mnunuzi. Hasa pale serikali inaponunua majengo yaliyokwama, hapo inakuwa mkombozi wa benki na wa asiye na makao kwa mkupuo mmoja. Ireland ilikuwa na nafasi hiyo mikononi.

Bado kuna kasoro za ndani, na mtetezi wa nyumba za jamii asiyezitaja hafai kuaminiwa. Vestia, lililokuwa shirika kubwa kuliko yote ya nyumba za jamii Uholanzi, lilinunua mikataba tata ya kujikinga na mabadiliko ya riba, riba ikaenda upande usiotarajiwa, na mwaka 2012 kujitoa kwenye mikataba hiyo kukagharimu takriban euro bilioni 2. Hakuna hata senti ya hasara hiyo iliyotokana na wapangaji kukosa kulipa. Ilitokana na ofisi ya fedha iliyotaka kuwa benki.

Kisha kuna St. Louis, Marekani. Picha za kulipuliwa kwa Pruitt-Igoe, mtaa wa nyumba za umma, mwaka 1972 zimetumika kwa nusu karne kuthibitisha kwamba maskini wakijengewa hubomoa. Majengo 33, flati 2,870, zimemalizika katikati ya miaka ya 1950, hazikufika hata miaka ishirini. Wanaoonyesha picha husahau kusoma hesabu. Mfumo wa Marekani uliotokana na sheria ya 1937 uliifanya serikali kuu ilipie ujenzi, lakini matunzo yalipaswa kutoka kwenye pango la wapangaji peke yake. Jiji likapoteza watu na viwanda, waliokuwa na uwezo wakahama, wakabaki wenye kipato kidogo kabisa. Pango lilipopandishwa kufidia lifti na mabomba yaliyokufa, wapangaji waligoma mwaka 1969. Wahenga walisema akiba haiozi. Nyumba huoza, na huoza haraka ukiwaachia fukara peke yao bili ya kuzitunza.

Ndiyo maana sipendi mipango inayowafungia nje watu wa kipato cha kati ili "walengwa" wawe maskini tupu. Husikika kama haki. Kwa kweli huondoa ndani ya jengo wale ambao pango lao lingelishikilia wakati majirani zao wamepoteza kazi, na huifanya nyumba ya jamii kuwa jambo la wachache wasio na sauti bungeni. Vienna iliweka ukomo wa kipato juu sana kiasi kwamba mwalimu na mfagiaji huishi ngazi moja, na mtu akipandishwa cheo baada ya kuingia hafukuzwi.

Uholanzi, baada ya 2008, ilikwenda kinyume hata katika hili: ilipotafuta fedha za kuziba pengo la bajeti, ikawatoza ushuru mashirika ya nyumba za jamii kuanzia 2013, hadi kufikia karibu euro bilioni 1.7 kwa mwaka. Mashirika yakapunguza ujenzi na kupandisha pango. Ushuru ulifutwa mwaka 2023, foleni ikiwa ya miaka mingi.

Denmark ina utaratibu ambao ningependa kila waziri wa fedha aletewe mezani. Nyumba za jamii ni takriban moja kati ya kila tano nchini humo. Mkopo wa jengo ukiisha kulipwa, pango halishuki. Sehemu kubwa ya fedha iliyokuwa ikienda benki sasa huenda kwenye mfuko wa taifa wa mashirika hayo, Landsbyggefonden, ulioanzishwa mwaka 1967, na mfuko husaidia kukarabati majengo mengine na kujenga mapya. Wapangaji wa jengo la zamani huwajengea wa jengo jipya bila kujuana.

Mei 2020, uchumi wa dunia ukiwa umefungiwa ndani, vyama bungeni Copenhagen vilikubaliana kuruhusu mfuko huo utumie takriban kroni bilioni 30 kwa ukarabati hadi 2026, sehemu kubwa ikipangwa kutumika mapema, katika miaka miwili ya mwanzo. Hakuna aliyehitaji kubuni mradi wa dharura wala kukimbizana na viwanja. Orodha ya majengo yenye paa linalovuja na kuta zinazopitisha baridi ilikuwepo kitambo, ikisubiri zamu, ikiwa na michoro na makadirio yake. Walichofanya wabunge ni kuruhusu foleni isogee.